Kulala Mlimani Huangshan, China: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu msafiri anayetaka kulala katika nyumba ya wageni au hoteli ndani ya eneo la mlima Huangshan, jimbo la Anhui, au katika miji na vijiji vilivyo chini yake. Saa zote zimetajwa kwa hesabu ya Kiswahili na kwa majira ya China, ambayo yako mbele ya majira ya Afrika Mashariki kwa saa tano.

## Mambo ya msingi

Huangshan ni mahali gani, na kwa nini watu hulala huko badala ya kwenda na kurudi?

Huangshan ni safu ya vilele vya graniti mashariki mwa China. Kilele kirefu kuliko vyote, Lianhua Feng, kina mita 1,864, na kinachokifuata, Guangming Ding, kimepungukiwa na mita chache tu. UNESCO iliuandikisha mlima huu katika Urithi wa Dunia mwaka 1990 kwa sababu mbili kwa pamoja: maumbile yake, na nafasi yake katika uchoraji na ushairi wa Wachina. Jina la sasa lilitolewa kwa amri ya mfalme wa nasaba ya Tang mwaka 747. Utalii wake wa leo ulipata nguvu baada ya Deng Xiaoping kuupanda kwa miguu mwezi Julai 1979 na kuhimiza mlima ufunguliwe kwa wageni.

Sababu ya kulala ni saa. Mawingu yanayojaa mabondeni na vilele kubaki vikielea juu yake huonekana vizuri zaidi alfajiri na jioni, hasa baada ya mvua, na hizo ndizo saa ambazo msafiri wa siku moja hayupo: asubuhi bado yuko kwenye foleni chini, na jioni analazimika kuwahi gari la kebo la mwisho. Anayelala juu anaupata mlima umetulia.

Nilale juu mlimani, chini Tangkou, au vijijini?

Hili ndilo swali linaloamua safari yote, kwa hiyo lijibiwe kabla ya jingine lolote.

Juu, ndani ya eneo la hifadhi, kuna hoteli chache tu, miongoni mwao Paiyunlou, Xihai, Baiyun, Shilin na Yupinglou. Vyumba ni vidogo kwa bei yake, na baadhi ya hoteli zina vyumba vya pamoja vyenye vitanda vya ghorofa kwa wanaobana matumizi. Unacholipia hasa ni mahali. Ukilala Paiyunlou uko karibu na banda la Paiyun Ting, ambako jua la jioni hutua juu ya bonde la Xihai. Ukilala Yupinglou, msonobari maarufu wa Yingkesong, ule ambao matawi yake yamenyooka upande mmoja mithili ya mkono unaokaribisha, uko hatua chache kutoka mlangoni, na unaweza kuutazama kabla kundi la kwanza la watalii halijafika. Mti huo una mlinzi wake maalumu anayeukagua usiku na mchana.

Tangkou ni mji mdogo ulio kwenye lango la kusini. Hapa ndipo penye nyumba nyingi za wageni za kifamilia, zile ziitwazo minsu, ambazo mwenye nyumba huishi ghorofa moja na wageni wako ghorofa nyingine. Ni rahisi, chakula ni kizuri, na wenyeji wanajua hali ya hewa ya kesho kuliko programu yoyote ya simu. Vijiji vya Hongcun na Xidi, vilivyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, vina nyumba za kale za kuta nyeupe na vigae vyeusi zilizogeuzwa kuwa malazi, lakini viko mbali na mlima. Hapo hulali ili uamke na kupanda.

Ushauri wangu ni usiku mmoja juu, na usiku wa kabla au wa baada yake Tangkou. Mbili juu ni kwa mpiga picha, au kwa mtu ambaye moyo wake hautatulia mpaka apate bahari ya mawingu.

Kwa nini kila kitu ni ghali huko juu?

Kwa sababu karibu kila kitu kimebebwa na mtu. Hakuna barabara ya gari inayofika kwenye hoteli za kileleni. Magari ya kebo hubeba sehemu ya mizigo, lakini kutoka kituoni hadi jikoni ni ngazi za mawe, na huko kazi ni ya wapagazi. Utakutana nao. Mpagazi huja na mzega begani, gunia la mchele upande huu na kreti za maji upande wa pili, na mkononi ana fimbo fupi. Anapopanda, fimbo hiyo huipitisha juu ya bega la pili na kuiegemeza chini ya mzega ili uzito ugawanyike. Anapotaka kupumua, huisimika wima kwenye ngazi, akautegemeza mzega juu yake, akasimama bila kuutua mzigo. Shuka zilizotumika huteremshwa kufuliwa, taka huteremshwa pia, na shuka safi hupandishwa tena.

Kwa hiyo bakuli la tambi au chupa ya maji itakuwa na bei mara kadhaa ya ile ya Tangkou. Beba maji yako na vitafunwa kutoka chini kadiri ya nguvu zako, na ukiwasikia wapagazi wakiomba njia, simama upande wa ukutani na uwaache wapite kwanza. Hawawezi kusimama popote wapendapo.

## Kufika na kuweka nafasi

Je, mji wa Huangshan ni sawa na mlima Huangshan?

Hapana, na jambo hili huwaponza wengi. Mji wa Huangshan ni manispaa kubwa, na katikati yake, panapoitwa Tunxi, pako umbali wa zaidi ya kilomita 60 kutoka lango la mlima. Ukitafuta malazi mtandaoni kwa jina la "Huangshan" tu, utaletewa hoteli za Tunxi kwa bei ya kuvutia, kisha asubuhi ugundue kwamba una safari ya basi kabla hata hujaugusa mlima. Tafuta kwa jina la Tangkou ikiwa unataka kulala chini ya mlima, au kwa jina la hoteli yenyewe ikiwa unataka kulala juu.

Nitafikaje?

Kituo kikuu cha treni za mwendo kasi ni Huangshan Bei. Kutoka Hangzhou ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa treni za haraka, tangu reli ya Hangzhou hadi Huangshan ilipofunguliwa mwishoni mwa 2018. Kutoka Shanghai ongeza yapata saa moja zaidi. Wafanyabiashara wetu wanaofuata bidhaa Yiwu wako karibu kuliko wanavyodhani, na wanaweza kupitia Hangzhou. Tiketi ya treni hukatwa kwa namba ya pasipoti, na pasipoti hiyohiyo ndiyo utakayoonyesha kituoni.

Kutoka Huangshan Bei kuna mabasi ya kwenda Tangkou. Kutoka Tangkou, magari binafsi hayapandi: abiria wote huchukua mabasi ya hifadhi hadi vituo vya magari ya kebo, ama Yungu upande wa mashariki ama Ciguangge, ambako gari la kebo la Yuping huanzia. Kuna njia ya tatu, ya Taiping, upande wa kaskazini.

Gharama za kuingia ni zipi, mbali na chumba?

Tiketi ya kuingia mlimani imekuwa yuani 190 katika msimu wa wageni wengi na yuani 150 majira ya baridi. Gari la kebo hulipiwa peke yake kila unapopanda na kila unaposhuka, kati ya yuani 80 na 90 katika msimu wa wageni wengi, na basi la hifadhi nalo lina nauli yake. Bei ya chumba mtandaoni haijumuishi lolote kati ya haya. Hata hivyo, ukilala ndani ya hifadhi hukatiwi tiketi nyingine ya kuingia siku ya pili.

Niweke nafasi lini?

Kwa siku za kawaida, wiki mbili au tatu kabla zinatosha kwa hoteli za juu, na siku chache kwa Tangkou. Mambo hubadilika katika sikukuu tatu: Mwaka Mpya wa Kichina, siku za Mei Mosi, na wiki ya kwanza ya Oktoba. Hapo bei hupanda mara mbili au zaidi, vyumba vya juu humalizika mapema, na hoteli nyingi hazirudishi pesa ukiahirisha. Kama tarehe zako haziwezi kuhama kutoka wiki ya kwanza ya Oktoba, nakushauri uchague mlima mwingine. Kusimama kwenye ngazi nyembamba katikati ya umati usiosogea si kuuona Huangshan.

Viza inahitajika? Na ubalozi utataka uthibitisho wa malazi?

Wenye pasipoti za kawaida za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo huomba viza kabla ya kusafiri, na katika maombi ya utalii huulizwa watalala wapi. Chagua malazi yanayoruhusu kufuta nafasi bila gharama mpaka viza itoke, ndipo ulipie chumba cha juu. Aliye na kibali cha ukaazi nchini China, kama mwanafunzi, hana haja ya viza nyingine, lakini asiache pasipoti bwenini: tazama jibu linalofuata.

## Mapokezi na malipo

Kwa nini wanachukua pasipoti yangu, na je, nakala inatosha?

Sheria ya China inamtaka kila mgeni kutoka nje aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike mahali anapolala. Hotelini, wafanyakazi wa mapokezi hufanya kazi hiyo kwa niaba yako, na ndiyo maana hupiga picha ukurasa wa pasipoti, viza, na muhuri wa kuingilia nchini. Nakala haitoshi, picha ya simuni haitoshi, wala kitambulisho cha chuo hakitoshi. Kila mtu katika chumba, mtoto akiwemo, huandikishwa.

Nyumba ndogo ya wageni inaweza kunikataa kwa kuwa mimi ni mgeni?

Zamani jibu la "hatuna ruhusa ya kupokea wageni wa nje" lilikuwa la kawaida. Mwezi Mei 2024 serikali ya China ilieleza wazi kwamba hoteli haziruhusiwi kumkataa mgeni kwa kisingizio hicho. Hata hivyo, katika nyumba za kifamilia kikwazo mara nyingi si ubaya wa moyo: mwenye nyumba hajui kujaza taarifa za pasipoti kwenye mfumo wa polisi, na anaogopa kukosea. Mwandikie kabla ya kulipa, kwa Kichina kupitia programu ya kutafsiri, kwamba una pasipoti ya kigeni, kisha subiri akubali kwa maandishi. Ukifika na kukuta anababaika, mwombe kwa upole apige simu kituo cha polisi cha mtaa, huko humwelekeza.

Mwite mwenye nyumba mwanamume *laoban*, na mkewe au mwenye nyumba mwanamke *laobanniang*. Ni adabu ileile ya kwetu ya kutomwita mtu mzima kwa jina lake kavu, na hufungua mlango haraka kuliko Kiingereza.

Nilipie vipi?

China imezoea kulipa kwa simu, kwa kupiga picha msimbo wa QR. Programu za Alipay na WeChat hukubali kadi za Visa na Mastercard za nje. Ziandae na kuzijaribu ukiwa bado mjini, kwa sababu uthibitisho wa pasipoti ndani ya programu huweza kuchukua muda. Malipo yanayozidi yuani 200 kwa kadi ya nje huwa na makato ya ziada ya asilimia chache. M-Pesa na huduma nyingine za namna hiyo za kwetu usizitegemee kwenye kaunta ya hoteli.

Fedha taslimu bado ni halali, na kisheria haziwezi kukataliwa, lakini beba noti ndogo. Hoteli nyingi hudai amana ya chumba wakati wa kuingia na kuirudisha unapoondoka, tunza risiti.

## Usiku na alfajiri

Chumba kitakuwa na nini?

Tarajia godoro gumu, birika la umeme, ndara za kuvaa ndani, na majani ya chai. Anhui ni nchi ya chai: Maofeng ya Huangshan hulimwa kwenye miteremko hii, na chai nyeusi ya Qimen hutoka wilaya jirani. Katika nyumba za Tangkou, mwenye nyumba akikumiminia chai ukiwa bado na begi mgongoni, kaa kwanza unywe. Shughuli za pasipoti zitafuata.

Blanketi la umeme ni jambo la kawaida majira ya baridi. Vyumba vya pamoja vya juu mara nyingi huwa na bafu na choo vya kushirikiana, na choo huenda kikawa cha kuchuchumaa. Umeme ni volti 220, lakini soketi za China hazipokei plagi kubwa ya pini tatu tunayotumia Kenya, Tanzania na Uganda, beba adapta.

Baridi ni kali kiasi gani?

Wastani wa mwaka huko juu ni nyuzi 8 hivi. Januari huganda, na barafu hufunika misonobari tawi kwa tawi. Julai mchana ni pazuri, lakini alfajiri utahitaji sweta hata kama Tangkou umelala ukitokwa na jasho. Hoteli nyingi za juu zina makoti mazito ya kuazima au kukodi. Mwezi Juni una mvua nyingi. Nunua koti la mvua badala ya mwavuli, maana upepo wa kileleni huupindua mwavuli, na ngazi ni nyembamba.

Nitaona jua likichomoza?

Huenda usilione. Mlima huu una ukungu zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na hoteli haiwezi kukuahidi anga. Ukiambiwa na wakala kwamba "jua limehakikishwa", tafuta wakala mwingine.

Jinsi ya kujipa nafasi nzuri ni hii. Jioni, waulize mapokezi saa ya kuchomoza jua. Hoteli nyingi huibandika ukutani pamoja na utabiri wa hali ya hewa. Mwezi Juni ni saa kumi na moja alfajiri na dakika chache. Januari ni karibu saa moja asubuhi. Toka dakika 40 au 50 kabla, ukiwa na tochi ya kichwani. Qingliang Tai, jukwaa la kutazamia, ni karibu na hoteli za upande wa Beihai na hujaa haraka. Guangming Ding ina nafasi pana zaidi. Na ukikuta ukungu mweupe mtupu, usikimbilie kurudi kitandani. Mara nyingi upepo huupasua ukungu baada ya jua kupanda, kilele kimoja kikatokea, kisha cha pili, na waliokwisha kwenda kunywa uji hukosa.

Chakula kikoje, na kuna chakula cha halali?

Mapishi ya huku yanapenda machipukizi ya mianzi, uyoga wa mlimani, samaki aliyechachishwa mwenye harufu kali na nyama tamu, na tofu iliyoota manyoya meupe ya ukungu, ambayo hukaangwa mpaka ngozi yake iwe ya hudhurungi na kuliwa na pilipili. Pia yanapenda nyama ya nguruwe iliyokaushwa na mafuta yake, ambayo hutiwa hata ndani ya mboga za majani bila kutajwa. Mwislamu, au asiyekula nyama, asiridhike kwa kusema "sitaki nyama". Aulize mafuta yaliyotumika.

Migahawa ya halali hutambulika kwa maandishi 清真 mlangoni, na ni rahisi kuipata Tunxi kuliko mlimani. Kwa usiku wa juu, beba chakula chako: mkate, mayai ya kuchemsha, matunda, tende, na tambi za kikombe zenye alama hiyohiyo. Maji ya moto hutolewa bure hotelini. Kwa wanaoswali, kibla kutoka hapa ni magharibi, ikielekea kidogo kaskazini, si kaskazini kama tulivyozoea pwani ya Afrika Mashariki.

## Hali za pekee

Kimo cha mlima kitanidhuru?

Kwa kimo, hapana kwa watu wengi. Nairobi iko karibu mita 1,800, na kibanda cha Mandara kwenye njia ya Marangu, Kilimanjaro, kiko mita 2,720, juu zaidi ya kilele cha Huangshan. Kinachoumiza ni magoti. Njia zote ni ngazi za mawe, maelfu kwa maelfu, na kushuka kunachosha kuliko kupanda.

Ninasafiri na mzee au mtoto mdogo. Inawezekana?

Inawezekana ukichagua hoteli kwa ukaribu na kituo cha gari la kebo, si kwa uzuri wa picha. Waulize hoteli: kutoka kituoni hadi mlangoni ni mwendo wa dakika ngapi, na ngazi za kupanda ni nyingi? Kuna wabebaji wa viti vya mianzi. Patana bei kamili kabla ya mzee kukaa, na iandikwe. Usiwapeleke wazee wala watoto bonde la Xihai.

Sanduku langu kubwa nilifanyeje?

Liache Tangkou. Karibu kila nyumba ya wageni huko hutunza mizigo ya mgeni aliyelala au atakayelala kwao. Panda na begi dogo la mgongoni lenye nguo za usiku mmoja, maji, na pasipoti.

Magari ya kebo yakisimama kwa sababu ya upepo, radi au barafu?

Husimama, na hakuna wa kulaumiwa. Ikiwa uko chini, ipigie hoteli ya juu mara moja. Nyingi hukubali kuhamisha tarehe hali ya hewa inapofunga njia, lakini wale walionunua kupitia programu ya wakala lazima waombe kupitia programu hiyohiyo. Ikiwa uko juu, una mambo mawili: kushuka kwa miguu, ambako upande wa Yungu ni rahisi kuliko wa Yuping, au kuongeza usiku. Ndiyo maana sishauri kukata tiketi ya ndege ya siku ileile unayoteremka.

Mbona Lianhua Feng au Tiandu Feng imefungwa?

Vilele hivi viwili hufungwa kwa zamu, miaka kadhaa kila kimoja, ili udongo na mimea vipumzike. Njia ya bonde la Xihai nayo hufungwa majira ya baridi. Angalia tangazo la hifadhi kabla ya kuchagua hoteli.

Intaneti ya hotelini itafungua WhatsApp?

Haitafungua, wala Google. Laini ya simu ya nyumbani yenye huduma ya kutumika nje kwa kawaida hufungua, ila kwa gharama. Pakua mapema ramani ya Gaode na programu ya kutafsiri inayofanya kazi bila mtandao.

Pasipoti imepotea nikiwa juu. Nifanye nini?

Waambie mapokezi kwanza, kwa sababu taarifa zako za uandikishaji ziko kwenye mfumo wao na zinathibitisha wewe ni nani. Kisha toa taarifa polisi hapohapo mlimani. Ofisi ya uhamiaji ya polisi ngazi ya manispaa, Tunxi, ndiyo hutoa hati ya upotevu. Kwa hati hiyo utaomba pasipoti au hati ya dharura kwenye ubalozi wa nchi yako Beijing, na baadaye viza mpya ya kutokea. Hifadhi nakala ya pasipoti na viza kwenye simu na kwa mtu mmoja wa nyumbani, na usiondoke hotelini kabla hawajakupa maandishi yenye muhuri kwamba uliandikishwa pale, maana bila pasipoti hoteli inayofuata haitakuwa na kingine cha kukupokelea.